SHILINGI YA SERIKALI ISINUNUE UBAGUZI

Ndugu wafanyakazi,

Safari hii twataka kusema jambo moja, nalo ni hili: kontrakta anayelipwa fedha za Serikali hana ruhusa ya kubagua watu kazini, na akibagua sana, sheria ya nchi hii yaruhusu anyimwe tenda. Nusu ya kwanza ya neno hili wengi wetu twaijua. Nusu ya pili haijulikani, na kwa kuwa haijulikani imelala kama panga lililosahauliwa darini. Nia yetu ni kulishusha panga hilo, kulifuta kutu, na kumwonyesha kila mwanachama mpini wake uko wapi.

Kwanza tukumbushane fedha hizo ni za nani. Kila aliye na hati ya mshahara na aitazame. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 ilipopitishwa, mfanyakazi hukatwa 1.5 kwa mia ya mshahara wake wote, na mwajiri hutoa 1.5 kwa mia nyingine. Kodi ya mapato iko hapo juu yake. Tununuapo sabuni dukani, kodi ya 16 kwa mia imo ndani ya bei. Fedha hizi zikikusanywa hurudi kwetu kwa sura ya barabara, madarasa, masoko, zahanati na nyumba. Na katikati ya fedha na nyumba husimama kontrakta. Kwa hiyo kijana anayerudishwa kwenye lango la mjengo kwa sababu ya jina lake la pili, ameulipia mjengo ule. Na mama anayeachishwa kufagia jengo la umma kwa sababu ana mimba, amemlipa mshahara yule anayemwachisha.

Sisi wa pande za Laiser Hill, Kitengela na Kajiado twaona mambo haya karibu kuliko wengi. Hapa ndipo Nairobi inapomwaga watu wake. Aliyezaliwa Isinya au Namanga anakutana na aliyetoka Machakos, Kisii, Murang'a, Siaya, Kakamega na Garissa. Asubuhi mapema wengine wanakwenda viwanda vya Athi River, wengine wanatafuta mjengo, na wengine wanasimama kando ya barabara ya Namanga na beleshi mkononi wakingoja gari la kontrakta lipite. Palipo na watu wengi namna hii na kazi chache namna hii, mwenye kuchagua nani aingie ana nguvu kubwa. Nguvu isiyoangaliwa huoza.

UBAGUZI UNAVYOFANYIKA

Ubaguzi wa siku hizi hautundikwi ukutani kama zamani. Hauandikwi popote, na ndiyo sababu ni vigumu kuukamata. Lakini kila mfanyakazi wa mjengo anazijua njia zake.

Njia ya kwanza ni ya lugha. Nyapara anafika langoni, anaita watu kwa lugha ya mama yake, na wanaoielewa ndio wanaoingia. Wengine wanaambiwa kazi imejaa. Hakuna aliyetukanwa wala aliyetajiwa kabila lake, lakini ikifika saa mbili asubuhi mjengo mzima unasema lugha moja.

Njia ya pili ni ya mwanamke. Anapewa kubeba maji na kufagia, hata kama ana cheti cha fundi. Akishika mwiko kama mwanamume, analipwa chini yake. Nyapara akimtaka na yeye akakataa, kesho jina lake halimo. Akishika mimba, haambiwi kwamba anafukuzwa. Anaambiwa tu kwamba kazi yake imekwisha.

Njia ya tatu ni ya ukibarua. Mtu anafanya kazi mwaka mzima, miaka miwili, kila siku, na bado anaitwa kibarua. Yule aliye karibu na wakubwa anaandikwa kwa mwezi, anapata likizo na bima. Kazi ni ile ile, jua ni lile lile, lakini mmoja ni mtoto wa nyumba na mwingine ni mpita njia.

Njia ya nne yatuhusu sisi wenyewe. Anayeonekana na kadi ya chama anahamishwa, anapewa kazi nzito kuliko wenzake, kisha anaachwa wakati mkataba mwingine unapoanza. Na ya tano ni ya mgonjwa na mwenye ulemavu, ambaye haulizwi anaweza kufanya nini. Anatazamwa mara moja tu na kuambiwa aende nyumbani.

SHERIA YASEMAJE

Ndugu, mambo haya yote matano yamekatazwa. Katiba yetu, iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, yasema katika kifungu cha 27 kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, na kwamba si Serikali wala mtu yeyote anayeruhusiwa kumbagua mwingine kwa ajili ya rangi, jinsia, mimba, ndoa, afya, kabila, ulemavu, dini, lugha au pengine alipozaliwa. Kifungu cha 41 champa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira ya kazi yafaayo, kujiunga na chama na kugoma.

Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 5, yamkataza mwajiri kubagua katika kuajiri, kufundisha, kupandisha cheo, masharti ya kazi na kuachisha kazi. Yamtaka alipe sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Na tafadhali someni neno hili mara mbili: mfanyakazi akishtaki kwamba amebaguliwa chini ya kifungu hicho, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutendeka. Mzigo wa ushahidi umewekwa begani mwa mwenye daftari, kwa sababu ndiye mwenye daftari.

Sheria hiyo hiyo yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kumalizika chini ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi. Na akiendelea miezi miwili au zaidi, anastahili masharti ya sheria kana kwamba hakuanza kama kibarua. Yampa mama mwezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Yamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na maandishi yanayokataza kusumbua watu kwa mambo ya kimapenzi. Na yasema kwamba mimba, au kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, si sababu ya haki ya kumfukuza mtu.

Wala si maneno ya vitabuni tu. Mwaka 2013 mahakama ya kazi mjini Nairobi ilisikiliza kesi ya mwanamke aliyewekwa kwa miaka mingi katika mikataba ya kibarua na mshahara duni, huku akinyimwa kazi ya kudumu kwa sababu ya kuwa na virusi vya UKIMWI. Mwajiri wake aliamriwa amlipe karibu shilingi milioni 7. Mahakama iliona kwamba ukibarua wenyewe ulikuwa chombo cha kumbagua. Ndugu vibarua, liwekeni neno hilo moyoni.

PANGA LILILO DARINI

Hadi hapa tumesema sheria inayomshika kila mwajiri. Sasa twaja kwa kontrakta wa Serikali, ambaye ana kamba ya pili shingoni.

Kifungu cha 227 cha Katiba chahusu namna Serikali inavyonunua vitu na huduma. Watu wengi hudhani kifungu hicho kinasema habari za bei na rushwa tu. Sivyo. Chasema kwamba Bunge litunge sheria, nayo yaweza kuweka adhabu dhidi ya wale walioshindwa kulipa kodi, au walio na hatia ya rushwa, au walio na hatia ya kuvunja vibaya sheria na taratibu za haki za ajira. Kuvunja haki za ajira kumewekwa mstari mmoja na wizi na ukwepaji kodi! Wananchi walioipigia Katiba hiyo kura mwaka 2010 walisema kwamba anayemwibia mfanyakazi haki yake si bora kuliko anayeiibia hazina.

Bunge likatunga sheria hiyo: Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, iliyoanza kazi Januari 2016. Kifungu chake cha 55 chaeleza nani anafaa kuomba tenda, na sharti moja ni kwamba asiwe na hatia ya kuvunja vibaya sheria na taratibu za haki za ajira. Kifungu cha 41 chaipa Mamlaka ya Kusimamia Ununuzi wa Umma uwezo wa kumzuia mwenye hatia hiyo asifanye biashara na Serikali kwa muda usiopungua miaka mitatu.

Fikirini maana yake. Kontrakta mkubwa haogopi faini. Ameshaiweka ndani ya hesabu zake. Haogopi sana kesi ya mtu mmoja, kwa kuwa anaweza kuiburura hadi mtu huyo achoke. Lakini miaka mitatu bila barabara, bila shule, bila nyumba za Serikali, hiyo ni njaa. Jambo hilo analielewa hata bila mkalimani.

KWA NINI LIMELALA

Basi mbona halitumiki? Twaona sababu tatu.

Ya kwanza: sheria yasema "mwenye hatia." Kontrakta haondolewi kwa minong'ono ya langoni, lazima pawe na jambo lililothibitishwa. Na kwa kuwa vibarua hawashtaki, hakuna hukumu. Kwa kuwa hakuna hukumu, karatasi za kontrakta ni nyeupe kama theluji ya Kilimanjaro. Anaandika kwamba hana doa, na kwa karatasi anasema kweli.

Ya pili: afisi inayotoa tenda haiulizi. Yauliza cheti cha kodi, mashine, fedha za benki na kazi zilizopita. Ikiuliza habari za watu, mara nyingi inauliza wahandisi wangapi. Haiulizi wale mia mbili wenye beleshi wameandikwaje, wanalipwa nini, na waliingiaje langoni.

Ya tatu: kazi hukatwa vipande. Kontrakta mkubwa anampa mdogo, mdogo anampa nyapara, nyapara analipa kwa simu jioni. Siku ya lawama kila mmoja anamnyoshea kidole aliye chini yake, na wa mwisho hana hata anwani. Mwaka 2013, katika kesi ya kampuni ya Wrigley, mahakama ya kazi ilionya kwamba kupeleka kazi kwa watu wa nje kusitumike kama njia ya kukwepa wajibu wa mwajiri kwa wafanyakazi wake. Onyo hilo latufaa hapa pia.

Tazameni jambo la ajabu lililotokea. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 yasema afisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya watu wake kutoka kabila moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yataka angalau 30 kwa mia ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila lililo kubwa katika kaunti ile. Hiyo ni sheria kwa Serikali yenyewe. Lakini kazi ile ile ya kufagia, kulinda na kujenga ikitolewa kwa kontrakta, theluthi hiyo yabaki nje ya lango. Serikali yafunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi. Vifungu vya 41 na 55 ndivyo kufuli ya mlango huo wa nyuma, na ufunguo wake ni ushahidi wa wafanyakazi.

HATUKUANZA JANA

Wazee wetu walipigana na jambo hili likiwa na sura nyingine. Siku za ukoloni mishahara ya Serikali ilifuata rangi ya ngozi. Tume ya Holmes ya 1948 ilishikilia kwamba asiye Mzungu alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Haikuondoka mpaka Tume ya Lidbury ya 1954 ilipopendekeza mishahara isitazame rangi. Kati ya tume hizo mbili, Makhan Singh na Fred Kubai, viongozi wa East African Trade Union Congress, walikamatwa Mei 1950. Yaani sehemu mbili zile zilizoibwa hazikurudi zenyewe. Zilidaiwa na watu, na watu hao walilipa kwa vifungo.

Mwaka 1949 Shirika la Kazi Ulimwenguni lilipitisha Mkataba namba 94, wa masharti ya kazi katika kontrakti za Serikali. Mkataba huo wasema hivi: kila kontrakti ya umma iwe na maneno ndani yake yanayomlazimisha kontrakta, pamoja na makontrakta wadogo walio chini yake, kulipa na kutunza watu kwa masharti yasiyo chini ya yale yaliyopatanwa na vyama katika kazi ile na mahali pale. Tangazo la masharti hayo libandikwe mahali pa kazi, wafanyakazi walisome. Na kontrakta akikosa, azuiwe kupata kontrakti, au fedha zake zishikwe ili wafanyakazi walipwe kwanza. Kenya iliukubali mkataba huo mwaka 1964, mara tu baada ya Uhuru. Mwaka 2001 ikaikubali pia mikataba namba 100 na 111, ya malipo sawa na ya kukataza ubaguzi kazini. Tukidai masharti haya leo, hatuombi kitu kipya. Twaomba deni la zaidi ya miaka 60.

Na tutazame nchi nyingine kidogo, maana lipo fundisho. Huko Marekani mwaka 1941 A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wapagazi weusi wa treni za kulala, alimwambia Rais Roosevelt kwamba watu weusi wataandamana hadi Washington kama viwanda vya silaha vinavyolipwa na Serikali vitaendelea kuwafungia milango. Kabla ya maandamano, Rais alitia sahihi amri namba 8802, ya kukataza ubaguzi katika viwanda hivyo. Mwaka 1965 Rais Johnson alitoa amri namba 11246, iliyowataka makontrakta wa Serikali wasibague, na zaidi ya hapo wachukue hatua za kuhakikisha kila mtu anapata nafasi. Amri hiyo iliishi karibu miaka 60. Januari 2025 Rais Trump aliifuta kwa sahihi yake. Sheria zilizotungwa na Bunge lao, kama ile ya haki za raia ya 1964, zilibaki. Lakini ile iliyoletwa kwa kalamu ya Rais iliondoka kwa kalamu ya Rais.

Fundisho ni mawili. La kwanza, hata amri ya mwanzo haikutoka kwa huruma. Ilitoka kwa chama kilichokuwa tayari kuandamana. La pili, sisi tumebahatika kuwa na neno letu ndani ya Katiba, ambapo kalamu ya mtu mmoja haifiki. Lakini haki iliyofutwa na haki isiyotumika zamfikisha mfanyakazi mahali pamoja: nje ya lango.

Msiseme kwamba hayo ni ya ng'ambo. Julai 2018 gazeti la The Standard la Nairobi liliandika habari za Wakenya waliofanya kazi katika reli mpya ya SGR, waliolalamika kwamba hawakai meza moja na wenzao Wachina, na kwamba kazi ya kuendesha treni ilishikwa na wageni. Reli hiyo ni mali ya umma, nayo kipande chake cha Naivasha chapita katika kaunti yetu. Nchi nzima ilikasirika kwa juma moja. Hasira ya juma moja haiandiki hukumu. Hukumu huandikwa na majina, tarehe, mashahidi na chama kisichochoka.

MANENO YA WANAOPINGA

Wako wanaosema: "Wenyeji kwanza." Neno hili tusilidharau. Mmaasai ambaye ardhi yake ilichimbwa kokoto na ambaye malisho yake yamekatwa na barabara, ana haki ya kuuliza mbona mwanawe hashiki kazi hapo. Katiba yenyewe yaruhusu hatua za kuwainua waliokandamizwa zamani. Twasema: nafasi zitangazwe wazi kwa chifu, sokoni na mahali pa ibada, vijana wa mahali pale wafundishwe kazi, idadi yao iandikwe kwenye kontrakti kila mtu aione. Tunalokataa ni wenyeji kufanywa kisingizio. Mara nyingi anayepiga kelele ya wenyeji langoni ni nyapara anayewaingiza jamaa zake, na mwenyeji wa kweli yuko nje pamoja na sisi.

Wako wanaosema kwamba masharti haya yataongeza gharama. Twawajibu kwamba yatamlinda kontrakta mwaminifu. Leo anayelipa sawasawa anashindwa tenda na anayelipa nusu, kwa kuwa mwizi ana bei ya chini siku zote. Masharti yakiwa mamoja kwa wote, watashindana kwa ufundi na si kwa kuwaminya watu.

Na wako wenye kampuni ndogo wanaosema wao wamepewa tenda kwa sababu ni vijana, au wanawake, au wenye ulemavu. Sheria yawatengea angalau 30 kwa mia ya ununuzi wa Serikali, nasi twaunga mkono kwa moyo wote. Lakini mwanamke aliyepewa tenda ili ubaguzi upungue hawezi kumfukuza mwanamke mwenye mimba. Neema hiyo haiishii kwa mwenye kampuni. Lazima imfikie na anayeshika ufagio.

TUNAYOYATAKA

Kwa Serikali ya Kaunti ya Kajiado, na kwa kila afisi ya Serikali Kuu inayotoa kazi katika pande hizi, twataka haya:

1. Kila tenda iwe na masharti ya kazi yaliyoandikwa: malipo ya chini, malipo sawa, katazo la ubaguzi, na haki ya kujiunga na chama. Masharti hayo yamfunge na kontrakta mdogo.

2. Masharti hayo yabandikwe langoni kwa Kiswahili, pamoja na jina la afisi ya kupeleka malalamiko.

3. Kabla ya kulipwa kila awamu, kontrakta aonyeshe orodha ya watu aliowaajiri na mishahara aliyowalipa. Asiyelipa watu, asilipwe.

4. Anayeomba tenda aulizwe kwa maandishi kama amewahi kuhukumiwa kwa kesi ya ajira, na jibu lake lichunguzwe katika kumbukumbu za mahakama.

5. Hukumu ya ubaguzi ikitolewa dhidi ya kontrakta wa umma, afisi iliyompa kazi isikae kimya, bali iipeleke kwa Mamlaka ya Kusimamia Ununuzi wa Umma.

KAZI YETU WENYEWE

Lakini ndugu, tukingoja wakubwa wafanye hayo kwa hiari yao, tutangoja sana. Sheria imetupa vyombo, na vyombo hutaka mikono.

Andikeni. Kila kibarua awe na daftari dogo: siku aliyofanya kazi, jina la nyapara, fedha alizopokea. Ujumbe wa simu wa malipo usifutwe. Huo ni ushahidi kwamba ulikuwa kazini siku ile. Mkirudishwa langoni, andikeni tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na nani aliyekuwa karibu. Mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, lakini lazima kwanza uwe na la kumwuliza.

Msichelewe. Kesi ya mkataba wa kazi sharti ifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu jambo lilipotokea. Wengi wamekuja kwetu wakiwa na haki kamili na tarehe iliyopita.

Njoni pamoja. Mtu mmoja akishtaki ataitwa mkorofi. Watu 15 wenye madaftari yanayokubaliana hawawezi kuitwa hivyo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Chama kitakwenda nanyi kwa afisa wa kazi, na ikibidi kwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Ulizeni. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yampa kila raia haki ya kuiomba afisi ya umma habari ilizo nazo, na afisi hiyo yapaswa kujibu ndani ya siku 21. Matawi yaombe nakala za kontrakti za kazi zilizo karibu nao. Tukijua kontrakta aliahidi nini, tutajua amevunja nini.

Na mwisho, tuwe safi. Mwakilishi wa chama anayewatetea watu wa kwao tu ni nyapara mwenye kadi. Mfanyakazi mwanamume anayenyamaza mwenzake wa kike anapopunjwa, amemfundisha tajiri kwamba kupunja kunaruhusiwa, na kesho yeye ndiye atakayepunjwa. Hatuwezi kudai langoni kile tusichokifanya katika mikutano yetu.

Twawaomba kila tawi lijadili jambo hili katika mkutano wake ujao, liteue watu wawili wa kutunza kumbukumbu, na lituletee majina ya mijengo ya umma iliyo katika eneo lake. Kazi ya kwanza ni orodha. Orodha ikipatikana, ushahidi utakusanywa; ushahidi ukikusanywa, kesi itafunguliwa; na hukumu ya kwanza ikitoka, makontrakta wote kutoka Namanga hadi Rongai wataisoma kabla ya sisi kuisoma.

Shime, ndugu. Fedha ni zetu, sheria ni yetu, na lango lile tumelilipia. Tulifungue.

Wenu katika umoja,
Mhariri